Ramani ya Mji Isichorwe Nasi Tukiwa Kazini



Wengi wetu tukiona karatasi imebandikwa ukutani yenye maneno "mpango wa matumizi ya ardhi na usafiri", twapita tu. Twasema hayo ni mambo ya mabwana wapimaji na ya watu wenye viwanja. Sisi viwanja vya mjini hatuna. Tuna chumba cha kupanga, sare ya kazi na kadi ya chama. Katika toleo hili twataka kuwaonyesha kwamba tumekosea. Mpango huo ni jambo la mshahara, sawasawa na yale ambayo viongozi wetu huketi nayo mezani mbele ya mwajiri.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme mfanya kazi amepanga chumba karibu na kazi, naye huenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Mpango mpya waja. Steji ya matatu yahamishwa nje ya mji, soko lafuata steji, na mahali palipokuwa na vyumba vya bei nafuu paandikwa kuwa pa maduka makubwa. Mtu wetu ahama, apata chumba mbali, na sasa hana budi kupanda bodaboda. Tuseme ni shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 2,600 kila mwezi.

Ndugu, mwajua jinsi ilivyo kazi ngumu kumpatia mtu wa cheo cha chini nyongeza ya shilingi 2,600. Ni miezi ya kuandikiana barua, ya kwenda Nairobi na kurudi, pengine ya kutishia kugoma. Na nyongeza hiyo yote yaweza kuliwa na mstari mmoja wa kalamu juu ya ramani. Mwajiri hakukata hata senti, wala hakuna wa kushtakiwa. Fedha zimepotea njiani tu, kati ya nyumba na kazi.

Wazee waliotutangulia katika vyama walilijua jambo hili. Mombasa walipogoma Januari 1947, makuli wa bandari na watu wa reli pamoja, walidai mshahara. Lakini kilichowasukuma ni bei ya chakula na shida ya nyumba. Mshahara ni ule unaobaki mkononi baada ya kulipa kodi na nauli. Basi anayepanga nyumba na njia apanga mshahara wetu pia, ajue asijue.

JINSI TULIVYOITWA

Hivi karibuni, katika mmoja wa miji yetu hii miwili, Kitale na Bungoma, wananchi waliitwa watoe maoni juu ya mpango wa namna hiyo. Mji hatuutaji wala ofisi hatuitaji, maana nia yetu si kumwaibisha mtu bali kueleza jambo lilivyokuwa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Siku iliyowekwa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi siku ya Jumanne mtu wa genge la reli yuko juu ya mataruma, karani yuko mezani, kuli yuko ghalani, mama yuko sokoni na mwalimu yuko darasani. Wanaoweza kuhudhuria saa hiyo ni wale wenye nafasi zao, na hao ndio waliojaza viti vya mbele.

Tawi letu lilikuwa na watu wawili tu mkutanoni. Mmoja alikuwa likizoni, na mwenzake alikuwa na bendeji mkononi, daktari amempa siku tatu za kupumzika. Waliporudi walitueleza hivi. Kitabu cha mpango kilikuwa kinene, nacho chote kwa Kiingereza. Nakala zilikuwa chache, zikaishia viti vya mbele. Ramani ilitundikwa ukutani, lakini maandishi yake yalikuwa madogo hata mtu aliyesimama hatua tatu hakuweza kuyasoma. Yule mwenzetu wa bendeji aliinua mkono wake mzima akauliza: "Njia ya miguu itokayo landi hadi sokoni, ambayo watoto wetu huipita kwenda shule, iko wapi katika ramani hii?" Akajibiwa kwa heshima kwamba maoni yake yamepokelewa. Akauliza mara ya pili, maana yeye hakutoa maoni, aliuliza swali. Akajibiwa tena kwamba maoni yake yamepokelewa. Kisha zikaja soda, watu wakaandika majina na namba za simu katika daftari, wakaenda zao.

Baadaye tulifahamu kwamba daftari lile ndilo ushahidi kuwa wananchi waliulizwa. Jina la mwenzetu limo. Swali lake halimo.

MAKOSA YETU WENYEWE

Lakini tusiwe watu wa kuwanyoshea wengine kidole tu. Kabla ya mkutano ule ulikuwapo mwingine, wa wadi, uliofanywa Jumamosi alasiri. Chifu alituletea habari wiki nzima mbele. Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira, na tawi letu halikupeleka hata mtu mmoja. Sisi tunaoandika maneno haya nasi tulikuwa uwanjani tukipiga kelele pamoja na wengine. Wazee wamesema, asiyekuwapo na lake halipo. Siku ile letu halikuwapo, na hakuna aliyetufungia mlango.

Twasema haya kwa sababu kuna tabia imeingia kati yetu. Mkutano ukiwekwa saa za kazi, twasema wametuzuia. Ukiwekwa siku ya mapumziko, twasema tumechoka. Mtu mwenye pesa hachoki. Kama anataka kiwanja kilicho karibu na steji mpya, yeye huenda Jumanne, huenda Jumamosi, na usiku pia huenda.

JAMBO LILILOTUGAWA

Sasa twafika penye kidonda. Baada ya mkutano ule tawi liliketi kuandika maoni yake lenyewe, na jambo la ardhi ya reli likatugawa mara mbili.

Kumbukeni ardhi hii ilivyokuja. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901. Njia ya kupitia Eldoret ilijengwa miaka ya 1920, na tawi lake la kutoka Leseru likafika Kitale 1926, kubeba mazao ya walowezi. Njia kuu ikapita Webuye, ambayo wakati huo iliitwa Broderick Falls, ikapita Bungoma, ikavuka mpaka, hata ikafika Kampala 1931. Babu zetu waliibeba reli mabegani na kupiga mataruma, lakini hakuna aliyewauliza ipite wapi. Kila upande wa njia ikaachwa ardhi ya reli.

Miaka ikapita. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na shirika lake la reli. Malori yakachukua mizigo. Njia ya Kitale ikakaa miaka mingi bila treni, majani yakaota kati ya reli mbili. Mahali treni isipopita, watu hupita. Vikajengwa vibanda vya mboga, vya mitumba, vya mafundi seremala na mafundi wa baiskeli, na watoto waliozaliwa hapo wamekua wakijua reli kama benchi ya kukalia. Habari za kuifufua njia hiyo zimesikika mara kwa mara, na kila zikisikika watu wa vibanda hukosa usingizi. Upande wa Bungoma hali ni nyingine kidogo, kwa sababu njia ya kwenda Malaba ni njia kuu ya mizigo ya Uganda. Ilitengenezwa baada ya reli mpya kufika Naivasha 2019, ili ipokee shehena kutoka huko.

Katika mkutano wa tawi alisimama mnyapara mmoja akasema: "Tuandike vibanda vyote viondolewe. Treni ikirudi, kazi itarudi. Vijana wetu wataajiriwa." Watu wengi wakapiga makofi. Kisha akasimama mtu wa genge, mtu mpole ambaye hatujapata kumsikia akisema mkutanoni. Akasema: "Mshahara wangu hulipa kodi na karo ya mtoto mmoja. Karo ya wale wengine wawili hutoka katika kibanda cha mama yao, nacho kiko kwenye ardhi ya reli. Mkiandika maneno hayo, mimi nairudisha kadi." Ukumbi ukanyamaza. Maana kila mmoja wetu alijua kwamba si yeye peke yake.

Basi twaeleza hapa msimamo ambao tawi lilifikia baada ya majadiliano ya siku mbili, ili kila mwanachama aujue na aweze kuutetea.

Kwanza, treni ipate njia yake. Sisi tunaotembea juu ya mataruma twajua kwamba treni haina usukani, wala haisimami kama bodaboda. Mtu anayelala au kuuza pale ambapo behewa litapita yumo hatarini, na kumwacha hapo si huruma. Tena reli yenye kazi ni faida ya mji wote. Kitale ni mji wa mahindi na mbegu. Behewa moja hubeba shehena ya lori moja na zaidi, na kila lori linalopungua barabarani ni nafuu kwa mtu wa miguu.

Pili, asiondolewe mtu kabla hajahesabiwa na kuonyeshwa mahali pa kwenda. Jambo hili lawezekana, limekwisha kufanywa. Nairobi, huko Kibera na Mukuru, maelfu ya watu walikuwa wakiishi na kuuza kando ya reli. Hapo mwanzo walipewa ilani ya kuondoka tu. Wakajipanga, wakakataa kuondoka kama takataka, wakazungumza na wenye reli. Mwishoni watu walihesabiwa, na upana wa ardhi iliyotakiwa wazi ukapunguzwa. Zikajengwa nyumba na vibanda pembeni, na ukuta wa kuwatenga na treni. Kazi ile ilichukua miaka mingi, wala haikuwa bila manung'uniko, lakini treni ilipata njia na mama mboga alipata mahali.

Tatu, ardhi itakayoachwa wazi kwa jina la reli ibaki ya reli au ya soko la wananchi. Hatutaki kuona maskini ameondolewa asubuhi ili treni ipite, na jioni mabati ya tajiri mmoja yamezungushwa mahali pale pale.

Yule mtu wa genge hakurudisha kadi. Naye mnyapara ndiye aliyeandika safi barua yenye mambo hayo matatu.

SHERIA YASEMAJE

Wengine wetu hudhani kwamba kuulizwa ni hisani ya wakubwa. Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, yataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala wa nchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 115, yasema ushiriki wa wananchi katika mipango ya kaunti ni lazima. Sheria hiyo hiyo yataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, utakaopitiwa upya kila baada ya miaka 5. Fikirini: mtoto anayeanza shule leo atakuwa kijana wa kutafuta kazi mpango huo utakapokwisha. Iko pia Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, ambayo imeweka kamati ya kusikiliza malalamiko ya watu wasioridhika na mambo ya mipango, kabla ya kufika mahakamani.

Na kama mwasema lugha ndiyo iliyowashinda, someni kifungu cha 7 cha Katiba. Kiswahili ni lugha ya taifa, nacho ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kuomba mpango uelezwe kwa Kiswahili si kuomba upendeleo.

Mahakama nayo imesema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba haitoshi kutimiza desturi tu. Watu wafuatwe pale wanapokutana: makanisani, misikitini, barazani, na katika redio za lugha zao. Nasi twaongeza: na stesheni, na steji, na soko, na lango la kiwanda saa ya kubadilishana zamu.

Kwa habari ya kuondolewa, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa 2016 yasema kwamba watu walio juu ya ardhi ya umma wapewe ilani si chini ya miezi 3 kabla, kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na kwa redio katika lugha ya mahali pale inapofaa. Mtu akija usiku na trekta bila hayo, amevunja sheria, hata kama ardhi si yako.

Liko jambo moja zaidi la sheria ambalo lazima tulielewe, maana ndilo linalowapoteza watu wengi. Katiba imegawa kazi kati ya serikali mbili. Reli na barabara kuu ni za Serikali ya taifa. Masoko, maegesho, barabara za kaunti na mipango ya kaunti ni za kaunti. Basi mama mboga akienda kwa bwana wa kaunti, huambiwa, "Reli si yangu." Akienda kwa bwana wa reli, huambiwa, "Soko si langu." Naye abaki katikati kama mtu aliyesimama kati ya njia mbili, treni zaja pande zote. Kwa hiyo sharti letu la kwanza katika kila mkutano liwe hili: wote wawili waketi meza moja, siku moja, mbele yetu.

KITALE ILIKWISHA KUTUONYESHA

Wasije wakasema kwamba maskini hawezi kupanga mji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Baraza la Manispaa ya Kitale na shirika la ITDG, ambalo sasa laitwa Practical Action, walifanya mipango pamoja na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Wakazi wenyewe walikaa na maofisa, wakaeleza mitaa yao ilivyo, wakataja shida zao na kuzipanga kwa uzito: maji, vyoo, njia za kupita. Hakukuwa na haja ya mtu kuwa na digrii ili aseme choo kiko wapi na maji ya mvua hupita wapi. Anayeruka mtaro kila siku aujua upana wake kuliko anayeuona katika karatasi.

Twasema hivi hasa kwa sababu mambo makubwa yanakuja na mengine yamekwisha kuja. Bungoma wameona barabara pana kutoka Musikoma hadi Kanduyi. Kitale kuna mradi wa barabara ya kwenda Endebess na Suam, kilomita 45, uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, nao wafungua mlango wa Uganda upande ule. Barabara pana ni jambo jema, hakuna mfanya kazi anayependa vumbi. Lakini mtu wa miguu ataka kujua atavukia wapi. Mwenye mkokoteni ataka kujua atapita upande gani. Na malori ya kutoka mpakani yatalala wapi usiku, mbele ya milango yetu au mahali palipotengwa? Maswali hayo huulizwa ramani ikiwa bado ni ya penseli. Lami ikisha kukauka, ni majuto, na majuto ni mjukuu.

TUFANYE NINI

Halmashauri ya tawi yawaagiza wanachama wote, wa Kitale na wa Bungoma, mambo haya:

1. Kila genge, kila zamu na kila ofisi ichague watu wawili wa kufuatilia habari za mipango. Kazi yao ni kusoma matangazo mlangoni mwa ofisi ya kaunti, ya manispaa na ya chifu kila wiki, na kuleta habari tawini. Wasingoje kuitwa.

2. Maoni yaandikwe, tena yataje mahali kwa jina. Usiandike "twataka maendeleo", maana hayo hata mnyang'anyi wa ardhi ayataka. Andika: "Njia ya miguu kutoka landi hadi soko isizibwe, iwekwe taa mbili na kivuko cha reli penye mti wa mwarobaini." Neno la namna hiyo mtu hawezi kulijibu kwa kusema limepokelewa. Ama ataliweka katika ramani, ama atakataa, nasi tutajua.

3. Barua iwe na nakala tatu. Moja ya ofisi, moja ya mwakilishi wa wadi, na ya tatu ipigwe muhuri wa kupokelewa irudi tawini. Karatasi isiyo na muhuri hukanushwa.

4. Tuombe mambo manne kwa kila mpango: muhtasari na ramani kubwa kwa Kiswahili, zibandikwe stesheni, steji na sokoni, mikutano ifanywe baada ya saa kumi na moja jioni au Jumapili alasiri, Serikali ya taifa na ya kaunti ziwe mezani pamoja, na baada ya mkutano itolewe orodha ya maoni yote, kila moja na jibu lake: limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii.

5. Tusiende peke yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Waiteni akina mama wa soko, vijana wa bodaboda, wenye mikokoteni, walimu, na wapangaji wa Tuwan, Kipsongo, Mandizini na Mashambani. Chama cha reli kikisema peke yake, wataambiana kwamba twatetea reli. Tukisema na mama mboga, hawatapata pa kututenganisha.

6. Ripoti ikitoka, isomwe. Kama neno letu halimo, tuandike ombi rasmi. Sheria ya 2012 yatupa haki hiyo katika kifungu cha 88, na kifungu cha 89 chawalazimu wenye mamlaka kujibu bila kukawia. Wakinyamaza, iko kamati ya malalamiko, na baada yake iko mahakama.

Na Jumamosi ikiwekwa mkutano, ndugu zetu, mpira utachezwa wiki nyingine.

NENO LA MWISHO

Wapo watakaosema kwamba chama kimeacha kazi yake ya mishahara na kuingia katika siasa za viwanja. Twawajibu hivi: kazi yetu ni kulinda mfuko wa mfanya kazi. Mfuko huo una tundu mbili. Moja iko kwa mwajiri, na hiyo twailinda kila siku. Ya pili iko katika kodi, nauli na mwendo wa miguu, na hiyo tumeiacha wazi muda mrefu. Mwizi hachagui tundu la kuingilia.

Babu zetu walibeba reli hii mabegani bila kuulizwa ipite wapi. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kuwauliza. Leo sheria ipo, na lugha ya kuisemea ni yetu. Siku itakapotundikwa ramani nyingine ukutani, yule mwenzetu wa bendeji, ambaye mkono wake umekwisha kupona, atasimama tena na swali lake lile lile. Safari hii tusimame naye, ukumbi mzima, mpaka njia ya watoto ionekane katika ramani.

Umoja ni nguvu.

Mhariri,
kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi